Je, wajua kwa nini vyumba vya majumba ya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba?

Panda ngazi za jumba kongwe la Mji Mkongwe, Zanzibar, uingie chumba cha juu. Urefu wake unatosha kulaza watu kumi, lakini upana ni mita tatu tu hivi. Mwenyewe hakukosa fedha za kujenga kipana zaidi. Aliyempangia upana ni boriti.

Boriti ni mti wa mkoko, na iliyonyooka na kunenepa vya kutosha kubeba sakafu haivuki sana mita hizo tatu. Tena ncha zake mbili lazima zizame ukutani. Zikishapangwa karibukaribu, hutandazwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha zege la chokaa linalopondwa mpaka lishikane. Sakafu hiyo ni nzito mno, ndiyo maana kuta zina unene wa nusu mita na zaidi. Chumba hurefuka utakavyo, kupanuka, hapana.

Mapambo ya Ulaya yaliposhuka bandarini karne ya 19, ilibidi yafuate boriti. Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyaeleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886: zidaka (vishubaka) za ukutani zimejaa vyombo vya kaure na bilauri, na vioo vikubwa vya kujitazamia vinaanzia juu kidogo ya sakafu hadi darini. Vioo hivyo viliagizwa Ulaya kwa kipimo kamili cha nafasi yake. Saa zilikaa juu ya vioo, au mbili mbili kando yake. Ni ufundi wa kupendeza kweli: kioo hukirudishia chumba upana ambao boriti imekinyima, na mwanga wa dirisha huenea kote.

Sultani Seyyid Barghash alivuka mpaka huo wa boriti alipojenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883 kwa nguzo na mihimili ya chuma. Nyumba nyingine nyingi zilibaki na boriti, na adui yake mkubwa ni maji. Paa likivuja, ncha iliyofichwa ukutani huoza kwanza huku katikati pangali pagumu. Kwa hiyo ukikagua nyumba ya namna hii, usigonge katikati ukaridhika. Choma kwa bisibisi pale boriti inapoingia ukutani.

Kosa linaloumiza zaidi katika kukarabati kuta hizi ni lipu ya saruji. Hufungia unyevu ndani, chumvi hujikusanya nyuma yake, na siku ikibanduka huondoka na ngozi ya jiwe. Tumia chokaa fungu moja kwa mafungu matatu ya mchanga usio na chumvi. Chokaa iwe imelowekwa wiki kadhaa, maana ukiiwahi, punje ambazo hazijaiva hufumuka ukutani na kuacha vishimo. Piga tabaka la sentimita moja, ulinyunyizie maji siku kadhaa lisikauke ghafla.

Na kioo cha kale usikibandike moja kwa moja ukutani. Weka vijiti vya mbao vya sentimita mbili nyuma yake, hewa ipite. La sivyo unyevu utakula rangi ya fedha ya mgongoni na madoa meusi yataanza pembeni.