Filamu ya saa 48 jijini Dar: dhana potofu kuhusu kanuni na vibali

Katika mashindano ya filamu ya saa 48, timu huandika, hushuti na kuhariri filamu fupi kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili jioni. Filamu nzuri inaweza kuondolewa mashindanoni kwa karatasi moja isiyosainiwa. Inauma, maana watu wamekesha siku mbili, na karatasi yenyewe ingesainiwa Jumatano kwa dakika tano.

Dhana: Kabla ya saa kuanza kuhesabiwa, usiguse chochote.

Kinachozuiwa ni ubunifu: kuandika skripti, kufanya mazoezi, kuandaa mavazi na seti, kushuti. Kukusanya timu, kuazima kamera, kutafuta lokesheni na kuomba vibali ni kazi za wiki nzima kabla. Katika 48 Hour Film Project, shindano lililoanzia Washington mwaka 2001, timu hupewa Ijumaa jioni aina ya filamu, mhusika, kifaa na sentensi moja, kisha hutakiwa kuleta filamu ya dakika 4 hadi 7. Hapo ndipo ubunifu unaanza. Makaratasi yalitakiwa yawe yamekwisha. Mashindano mengine yana masharti yake, kwa hiyo soma ya kwako mpaka mstari wa mwisho.

Dhana: Filamu fupi ya mashindano haihitaji kibali.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya 1976, inataka kibali cha kutengeneza filamu, na filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Msimamizi ni Bodi ya Filamu Tanzania. Waulize waandaaji mapema: je, wameomba kibali kwa niaba ya timu zote, au kila timu ijiombee? Wakisema wameomba, pata nakala na utembee nayo. Askari akikukuta na kamera barabarani, maneno matupu hayamtoshi.

Dhana: Ukiwa na barua ya serikali ya mtaa, umemaliza.

Hapa ndipo wengi wanakwama, maana ruhusa ni za ngazi tofauti na moja haizibi pengo la nyingine. Barua ya mtendaji wa mtaa inasaidia watu wa eneo wakufahamu, lakini haikufungulii mlango wa nyumba ya mtu. Nyumba ina mwenyewe, naye asaini. Kama anayeishi humo ni mpangaji, zungumza na mpangaji na mwenye nyumba pia, la sivyo mwenye nyumba atatokea Jumamosi mchana mkiwa katikati ya tukio na kuwasimamisha. Soko la samaki Feri, vituo vya mwendokasi na stesheni ya treni vina uongozi wake, na barua huko haijibiwi siku moja. Ukiwa Feri kumbuka pia kwamba Ikulu iko jirani: usielekeze kamera upande ule. Droni ina utaratibu wake kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kama hujaanza kuufuatilia wiki kadhaa kabla, andika hadithi isiyohitaji picha za angani.

Dhana: Mwigizaji ni rafiki yangu, hana haja ya kusaini.

Kila anayeonekana au kusikika asaini, hata yule aliyepita na ndoo nyuma ya mhusika mkuu kama sura yake inatambulika. Hati iwe fupi: jina kamili, simu, tarehe, ruhusa ya kutumia sura na sauti yake, filamu itakapoonyeshwa, kama analipwa au anajitolea, na sahihi. Usiache hati ikisubiri jina la filamu, maana Ijumaa hakuna anayelijua. Andika jina la timu na la shindano. Aliye chini ya miaka 18 asainiwe na mzazi au mlezi. Chapisha nakala 30 mapema, kwa sababu Jumapili steshenari nyingi zimefungwa. Mpe mtu mmoja faili na kalamu, na mwigizaji asaini kabla ya kuvaa, kwani akishaondoka na bodaboda kumpata tena ni shida.

Dhana: Sekunde 30 za wimbo ni bure.

Hakuna sekunde za bure. Hakimiliki ya Tanzania hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Tena wimbo una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Prodyuza akikupa wimbo kwa moyo mweupe, bado aliyeandika mashairi naye akubali kwa maandishi. Jihadhari na redio ya baa mnaposhuti, kwa sababu wimbo unaosikika nyuma ya maongezi ni vigumu kuutoa wakati wa kuhariri. Omba izimwe.

Dhana: Filamu ikiisha saa 1:15 usiku na mwisho ni saa 1:30, tumewahi.

Muda hukatwa faili linapokabidhiwa. Kurenda, yaani kompyuta kutengeneza faili la mwisho la filamu, kunaweza kuchukua zaidi ya nusu saa kwenye kompyuta ya kawaida, umeme unaweza kukatika, na foleni ya kutoka Mbagala kwenda Posta haimsubiri mtu. Mhariri aanze kurenda toleo la kwanza saa 9 alasiri, hata kama rangi na sauti bado, ili kuwe na cha kukabidhi. Kagua pia flashi: iliyofomatiwa kwa mfumo wa kuhifadhi faili uitwao FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, na kunakili hukataa dakika zile za mwisho. Ifomati kwa mfumo wa exFAT siku ya Ijumaa, uinakilie faili lolote kubwa, kisha lifungue kwenye kompyuta nyingine.