Kabla hujasema gome linatibu baridi yabisi

Juzi soko la Majengo hapa Dodoma mama mmoja kanishika mkono, "mwanangu, we si ndo wa maabara, hebu nipimie hii", akatoa gome kalifunga kwenye gazeti, mkamwana wake vidole vinavimba na akilichemsha eti anapata nafuu. Nikasema haya mama, nalichukua. Ila kulipima sio kama kupima malaria jamani.

Gome linakaushwa kivulini, linasagwa, linarowekwa kwenye ethanoli, yaani pombe ya maabara, ukichuja na kukausha unabaki na kitu kama lami. Hapo unachukua ute wa yai, ndio, yai hili hili la dukani, unachanganya na ile lami unapasha nyuzi 70 dakika kama 5. Ute mtupu unageuka mweupe kama maziwa, ule wenye gome ukibaki angavu watu wanaanza kushangilia, eti gome linazuia protini kuharibika kama inavyoharibika kwenye uvimbe. Pembeni lazima uweke diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe, ya kulinganisha, na ethanoli tupu bila gome, hiyo ndo wanafunzi wanaisahau kila mwaka.

Mi kipimo hiki cha yai nakitumia kwa mchujo wa awali tu. Magome yana tanini, ile inayokukaza ulimi ukila bibo, inagandana na protini na kuvuruga kipimo chote. Halafu yai halina kinga ya mwili! Rumatoidi, ndo hii baridi yabisi ya kuvimba viungo, ni kinga yako mwenyewe inashambulia utando wa viungo, TNF na interleukini-6, protini za kinga za kupeana ishara, zinachochea moto mpaka mfupa unalika. Ndo maana tunaenda kwa panya, anachomwa adjuvanti ya Freund, mchanganyiko wa kuamsha kinga, mguuni, uvimbe unakaa wiki kadhaa. Hata hapo angalia, wengi wanampa panya dawa kabla ya kumchoma, wakati mgonjwa anakuja kashaumwa zamani.

Sisemi mimea haifanyi kazi. Kule China kuna Tripterygium wilfordii, majaribio ya watu yaliyochapishwa 2014 yaliulinganisha na methotreksati, dawa ya hospitali ya rumatoidi, na haukuachwa nyuma, ila unashusha mbegu za wanaume na kuvuruga hedhi, sa nani ampe binti wa miaka 25?

Yule mama nikamuuliza, asubuhi vidole vinagoma kukunjuka zaidi ya saa zima, mikono yote miwili? Akasema ndio. Nikamwambia ampeleke hospitali wiki hii hii asisubiri gome langu, na akianzishiwa methotreksati asichanganye na mizizi, ini linaweza kuumia. Gome lipo kwenye droo, nimeliandikia jina la Kigogo alilonitajia, namsubiri mtu wa mimea aniambie kwanza ni mti gani.