VHL sio breki tu, iangalieni seli yenyewe

Wiki hii tena mwanafunzi kaniletea ile sentensi kuhusu VHL, jeni ambayo ikiharibika huchangia saratani ya figo: "VHL ni breki, ikiharibika seli inagawanyika hovyo, basi." Nimeisikia mara nyingi mno, sasa naandika.

Jamani, mwaka 1995 watafiti walichukua 786-O, seli za saratani ya figo zisizo na VHL nzima, wakazirudishia jeni. Ingekuwa breki tu zingepunguza mwendo palepale kwenye sahani ya maabara. Hazikupunguza! Ziliendelea kukua vilevile, ila zilipodungwa kwa panya wenye kinga dhaifu ndio zikashindwa kuotesha uvimbe. Na baadaye zilipokuzwa kwa madonge badala ya kutandazwa, zenye VHL zikashikana zikajipanga kama vimirija, zisizo nayo zikabaki rundo tu. Hilo ni suala la umbo.

Protini ya VHL inashikilia mikrotubuli (vijirija vinavyoipa seli umbo) zisibomoke, inasaidia fibronektini, protini ya kushikiza seli, ijipange nje ya seli, na pamoja na kimeng'enya GSK3β inaitunza silia, kile kiunywele kimoja kinachochungulia ndani ya mrija wa figo.

Halafu hili la kwamba zile seli angavu za saratani hii, zinazoonekana nyeupe kwenye hadubini, "zimejaa maji" ndio linaniudhi kuliko yote. Hakuna maji pale. Bila VHL, HIF, protini inayoamsha seli ikikosa oksijeni, haivunjwi, seli inajiona haina oksijeni, inalimbikiza mafuta na glikojeni (akiba ya sukari). Sasa wakati wa kuandaa slaidi kipande kinapitishwa kwenye alkoholi na zaileni, mafuta yanayeyuka, glikojeni nayo sehemu kubwa inaondoka, unabaki na uwazi mweupe, kiini, na utando mwembamba kama mstari wa penseli. Chukua kipande kilichogandishwa, kipake Oil Red O, rangi inayoshika mafuta, utaona vitone vyekundu vimejaa kila seli. Hata ukiupasua uvimbe wenyewe mezani ni wa njano, na njano ile ni mafuta hayohayo.

Lakini lazima niseme ukweli, ukiifuta Vhl peke yake kwenye figo ya panya kwa kawaida saratani haiji, mpaka ufute na jeni nyingine kama Pbrm1, ambayo kwa binadamu iko mkono uleule mfupi wa kromosomu 3 ilipo VHL. Kwa hiyo kupotea kwa silia kunaelezea sisti (vifuko vya majimaji kwenye figo) vizuri, saratani bado. Mimi naamini umbo linaharibika kwanza, ila kuamini sio kuthibitisha.

Mwanafunzi nimempa slaidi mbili za uvimbe mmoja, ya kawaida na ya Oil Red O, kesho anieleze zile nafasi nyeupe zilikuwa na nini.