Kahawa ya Krismasi Kisiwani Robben

Kazi yangu ni historia ya magereza, na nikiulizwa zamani wafungwa walikula nini Krismasi, huanza na kikombe cha kahawa. Kisiwani Robben, Afrika Kusini, hicho ndicho kilikuwa pilau yao: kikombe kimoja cha nyongeza wakati wa chakula cha jioni. Tena msidhani ni kahawa ya buni. Ni mahindi yaliyochomwa mpaka yakawa meusi, yakasagwa, yakatiwa maji ya moto.

Siku za kawaida Nelson Mandela na wenzake, waliofikishwa kisiwani 1964, walishinda kwenye machimbo ya chokaa. Mng'ao wa yale mawe uliwaharibu macho, na miwani ya jua waliruhusiwa baada ya karibu miaka 3, kwa pesa zao wenyewe. Krismasi hawakwenda machimboni, na walikubaliwa kununua pipi kidogo.

Mwaka mzima chakula kiligawiwa kwa rangi. Jioni Wahindi na machotara walipata robo mkate, wenyewe wakiuita katkop, yaani kichwa cha paka. Waafrika hawakupewa; eti mkate ni chakula cha Kizungu. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini kikombe cha pili cha yale maji meusi hakikuwa jambo dogo.

Mengine waliyatengeneza wenyewe. Waliimba, wakashindana sataranji, Scrabble na drafti. Mandela aliingia kwenye drafti kila mwaka, na kuna miaka aliyoshinda zawadi kuu, ambayo kwa kawaida ilikuwa kipande cha peremende. Alicheza taratibu, akiipima kila kete. Vijiweni kwetu wangeshamwinua kwenye benchi!

Halafu kulikuwa na mchezo wa kuigiza, bila jukwaa, bila mavazi, maandishi tu mkononi. Mwaka mmoja walicheza Antigone, tamthilia ya Kigiriki, na Mandela akawa Creon, mfalme anayemkataza binti kumzika kaka yake. Hapo huwa nasimama kidogo. Mama yake Mandela alifariki 1968, mwanawe Thembi 1969, na mara zote mbili aliomba ruhusa ya kwenda kuzika. Mara zote mbili alikataliwa.