Piesi ya jeshi: lini itengenezwe, lini itupwe

Tangu kampeni ya ukaguzi wa kamio za mizigo ianze hapa Lubumbashi, wenye kamio zilizotoka jeshini wanatujia sisi wakaguzi na neno lilelile: "Hii ni ya jeshi, haifi."

Jeshi lenyewe haliamini hivyo. Katika vitabu vya ufundi vya jeshi la Marekani, piesi hupewa msimbo wa herufi, na herufi ya tano ndiyo hukumu. D: ikishindikana kwenye karakana za ngazi ya chini, irudishwe karakana kuu. Z: ikiharibika haitengenezwi, inatupwa. Gari zima nalo lina kikomo cha gharama za matengenezo. Likikivuka, linaondolewa kazini. Wengine wenu ndivyo mlivyolipata.

Demarere, alternata, radiata, sanduku la gia: tengenezeni, hakuna anayewazuia. Ugomvi wetu uko kwenye freni na janti. Tamburi ya freni huandikwa kipenyo chake cha mwisho. Ile ya milimita 419 kwa kawaida inaruhusiwa kulika hadi 422. Ikipita hapo, kuichonga upya ni kuipunguza zaidi.

Janti ya vipande, yenye pete ya kufungia, ikipinda au ikipasuka haichomelewi wala haipigwi nyundo. Vipande vya janti mbili tofauti havichanganywi, hata vikiingiliana vizuri. Kabla ya kuifungua, toa kiini cha valvu, upepo wote uishe. Wakati wa kujaza, tairi iwe ndani ya kizimba cha chuma. Pete ikiruka, kwado, yaani fundi wa tairi, hana muda wa kukwepa. Silinda ya freni ya kuegesha, yenye resori iliyokandamizwa, badilisheni nzima. Msiifungue, tafadhali. Tumeshasema.

Piesi ikikataliwa, mkaguzi anaijaza kwenye fomu ya nakala mbili, moja ni yako. Unarudi na kamio, faktura ya piesi mpya, na piesi ya zamani. Bila ya zamani hatufungi faili. Ukikutwa barabarani faili likiwa wazi, kamio inazuiwa na mambo yanafuata sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, yaani sheria ya usalama barabarani (Code de la route). Kusema "fundi ndiye aliyechomelea" hakumwondolei mwenye gari wajibu.

Wengi wanalalamika kwamba tunawanyang'anya piesi. Hapana. Tunaikata mbele yako, kwa sababu iliyokataliwa Jumatatu tunaikuta Ijumaa kwenye kamio ya jirani. Vipande ni vyako, kaviuze kwa wanunuzi wa vyuma.