Ndege baharini hana kazi ya kukuonyesha nchi kavu

Wiki iliyopita rafiki yangu aliyepata kazi ya jikoni kwenye meli ya watalii alinitumia video fupi: maji matupu, na juu yake ndege wamejaa wanapiga kelele. Chini ameandika, "Kaka, jioni tunatia nanga, ndege wameshaanza kuonekana." Meli ilikuwa imetoka Dar ikielekea Aldabra, kisiwa cha Shelisheli, safari ya kama kilomita 800, na ilikuwa haijafika hata nusu ya njia. Jioni ile hawakutia nanga popote.

Nimechoka kulisikia hili. Nalisikia Feri, soko la samaki la Dar, nalisikia kwenye boti ya Zanzibar, na nimelisikia kwa manahodha wenye miaka mingi kuliko mimi: ukiona ndege, ujue nchi iko karibu. Miaka yote hii nikisimama omo, mbele ya chombo, na darubini na daftari, kuhesabu ndege, kauli hiyo imeniangusha mara nyingi kuliko ilivyonisaidia. Ndege walio mbali na pwani wanakuonyesha chakula. Wachache tu, kwa msimu maalumu na saa maalumu, ndio wanaokuonyesha nchi.

Wale wa kwenye video ni buabua mgongo-mweusi, ndege wa baharini. Kinda wa buabua huyu akishaota mbawa anaondoka kisiwani na kukaa baharini miaka kadhaa kabla ya kukanyaga ardhi tena. Manyoya yake hayazuii maji vizuri, kwa hiyo hawezi kutua majini akapumzika kama bata. Anaruka mchana, anaruka usiku. Sasa ndege wa namna hiyo akupe habari gani ya nchi kavu, wakati yeye mwenyewe hajaiona tangu mwaka juzi?

Usiku mmoja wa kusi kali alitua mmoja kwenye sitaha, karibu na taa. Nilimshika kwa mikono miwili. Mwepesi, moyo unadunda kwenye vidole vyangu. Kwenye ncha ya mdomo lilikuwa limening'inia tone la maji. Likadondoka, likaja jingine. Baharia mmoja akasema masikini analia, akakimbilia kumletea maji baridi kwenye kikombe. Halikuwa chozi. Ndege wa baharini hunywa maji ya chumvi, na tezi zilizo juu ya macho yake huchuja chumvi hiyo na kuitoa kupitia puani. Hana haja ya kisima, hana haja ya mto, na hiyo ni sababu nyingine inayomfanya asihitaji kukaa karibu nasi.

Anachohitaji ni jodari. Buabua huyu hapigi mbizi, anaokota juu juu tu. Jodari na sehewa wakiwafukuza dagaa kutoka chini, dagaa hukimbilia juu, na hapo ndipo buabua anapata riziki. Wavuvi wetu wanalijua hili vizuri sana. Wakiona ndege wanachota, wanageuza chombo na kwenda kuburuta mishipi palepale. Mvuvi huyohuyo ukimuuliza jioni, atakwambia ndege ni dalili ya nchi! Sijawahi kuelewa kwa nini mambo haya mawili yanakaa kichwa kimoja bila kugombana.

Frigeti, yule mweusi mwenye mbawa ndefu na mkia kama mkasi, ndiye anayedanganya watu zaidi kwa sababu ya ukubwa wake. Watafiti waliwafunga vifaa frigeti wa kisiwa cha Europa, kwenye mlango bahari wa Msumbiji, wakakuta mmoja anaweza kukaa angani karibu miezi miwili bila kutua. Hupandishwa na hewa inayopanda chini ya mawingu, kisha huteleza mbali sana. Akipita juu ya meli yako amekuonyesha upepo.

Imani hii ina mzizi, sikatai. Fungu Kizimkazi, kama kilomita 70 mashariki ya Dar, ni kijisiwa cha matumbawe kisicho na mti, kimeinuka mita chache tu juu ya maji. Pale wanataga buabua mgongo-mweusi, buabua kahawia na bubi, ndege mkubwa wa baharini, mweupe mwenye uso mweusi. Ukikiendea, utawaona ndege kabla hujakiona chenyewe. Basi wazee waliopita pale walisema kweli, kwa pale.

Mabaharia wa Pasifiki nao walitumia ndege kutafuta visiwa, ila hawakutumia ndege yeyote tu. Waliwafuata akina buabua kahawia, ambao wakiwa na viota hutoka alfajiri na kurudi kulala. Asubuhi wanatoka nchini, jioni wanarudi. Tazama namna wanavyoruka: wamenyoosha njia, chini chini, kimya, hawageuki hata dagaa wakiruka pembeni. Hiyo ndiyo dalili. Ndege anayezunguka na kupiga kelele yuko mezani. Tena lazima uwe msimu wa kutaga, kwa sababu asiye na kinda hana anayemwahi. Na bubi, hata akiwa na kinda, anaweza kuvua zaidi ya kilomita 100 kutoka kiotani, kwa hiyo "karibu" yake si karibu yako.

Hata kanuni hiyo ya jioni siiamini moja kwa moja. Kuna buabua kahawia wa aina mbili katika bahari yetu, mkubwa na mdogo, na machweo yakiwa usoni siwezi kuwatofautisha kwa mbali. Daftari langu limejaa "kahawia, aina haijulikani". Nikisoma ripoti zilizotaja aina kila mstari bila shaka hata moja, nazisoma kwa tahadhari.

Mtu ataniambia, basi ndege wa nchi kavu je? Ninga wa Pemba akipita juu yako, sawa, Pemba ipo. Lakini kila mwaka, Novemba na Desemba, kozi wa Amur, ndege mwindaji wa nchi kavu, huvuka kutoka India hadi Afrika Mashariki juu ya maji matupu, pepo za kaskazi zikiwasukuma, na kereng'ende nao wako safarini kwa maelfu. Unaweza kumwona kozi mahali ambapo pande zote ni bahari kwa siku nzima.

Ninalishikilia jambo hili kwa sababu ya mzee mmoja wa pale Feri. Mashine ya boti yao ilizima nje ya Fungu Kizimkazi. Saa saba mchana wakaona ndege upande wa mashariki, wakapiga kasia kuwafuata hadi mikono ikachubuka, huku mkondo ukiwachukua kaskazini. Walilala baharini siku mbili kabla ya meli kuwaokota.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, walikuwa wamenyoosha njia?"

"Hapana. Walikuwa wanazunguka, wanashuka, wanapanda."

"Hao walikuwa wanakula."

Akatazama mikono yake. "Jodari walikuwepo," akasema. "Tuliwaona wakiruka."