Bibi kaegemea Peugeot: picha ilipigwa mwaka gani?

Gari halikupi mwaka wa picha. Linakuambia tu picha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani. Peugeot 404 ilianza kuuzwa 1960, lakini gari hilo lingeweza kufika Dodoma limeshachoka, likaegemewa na shangazi siku ya Idi mwaka 1975. Na mara nyingi halikuwa hata la familia. Lilikuwa limeegeshwa tu.

Volkswagen Beetle ndiyo inayosema zaidi. Kioo cha nyuma chenye umbo la yai ni cha 1953 hadi 1957, kisha kikaja kikubwa cha mstatili. Kwa mbele, tazama taa: zikilala kufuata mkunjo wa madigadi, kwa kawaida toleo ni la kabla ya 1968, zikisimama wima, kwa kawaida ni toleo la 1968, lililoanza kutengenezwa Agosti 1967, au la baada yake. Kwenye Land Rover, taa zilizobanana katikati karibu na grili ni za zamani. Zilihamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960.

Usukani ukionekana kushoto, usikimbilie kusema gari limetoka Ufaransa. Soma namba ya gari, au jina la kanga. Maandishi yakiwa kinyumenyume, negativu iliwekwa upande usio wake wakati wa kusafisha picha.

Sasa mavazi. Wapo wanaoshikilia kwamba sketi fupi ni lazima iwe ya kabla ya Januari 1969, kwa sababu ya Operesheni Vijana, kampeni ya TANU Youth League (vijana wa chama tawala) ya kupiga marufuku sketi fupi. Sikubaliani. Operesheni ile ililenga Dar es Salaam, na uani kwa watu hapakuwa na mkaguzi. Kanga ya kumbukumbu ya Uhuru nayo ina tabia ya gari: hukaa sandukuni miaka mingi, ikatolewa siku ya picha.

Kabla ya kuskani, ondoa vumbi, na hapa ndipo picha nyingi za Dodoma huharibiwa. Vumbi letu jekundu lina punje za mchanga. Ukifuta kwa kitambaa, punje zinachora mistari usoni mwa bibi, na kitambaa kibichi kinavimbisha ule utando wa picha. Tumia kipulizio cha mpira, kisha brashi laini, ukianzia katikati kwenda nje. Usipulize kwa mdomo, mate yanaacha madoa. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue. Iskani na kioo chake.

Picha ya mraba ya sentimita 6 iskani kwa nukta 1200 kwa inchi. Utapata pikseli kama 2,800 kila upande, zinazotosha kuvuta karibu namba ya gari, kama gauni halijaiziba. Chagua rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, ili manjano ya uzee yaonekane, na hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha.

Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Ikiwa ushahidi wako ni taa za Beetle peke yake, usiandike «1968». Andika «si kabla ya 1967», kwa kuwa toleo la 1968 lilianza kutoka mwaka huo.